Upepo Ndani ya Breki

Land Rover ya Series IIA, ile ndefu tunayoiita 109 kwa inchi zilizo kati ya ekseli zake mbili, iliundwa kuanzia 1961 hadi 1971. Zilizofika huku Usambara zilikuja kufanya kazi: kubeba mabwana shamba, mapadri, miche ya chai, wagonjwa. Zilizosalia zimeshapakwa rangi juu ya rangi. Viti vimeshonwa upya, na injini pengine imetolewa kwenye gari jingine kabisa. Lakini lala chini yake, fuata kwa kidole bomba jembamba la chuma linalotoka kwenye masta silinda, ile silinda kuu inayosukumwa na pedeli, utakuta jambo moja ambalo miaka haijaligusa. Njia ya mafuta ya breki ni moja tu. Inatoka mbele, inagawanyika kwenda magurudumu yote manne, na haina mwenzake wa akiba. Likitoboka popote bomba hilo, au hozi moja ikipasuka, magurudumu yote manne yanapoteza breki kwa wakati mmoja.

Gari la leo lina njia mbili, moja ikifa nyingine inabaki. Lina taa ya kumwonya dereva na kompyuta inayopima mzunguko wa kila gurudumu. Hili la zamani lina mguu wa dereva upande mmoja, magurudumu upande wa pili, na katikati yao mafuta kiasi cha kikombe. Ndiyo maana naamini kwa moyo wote kwamba mwenye kulipenda gari la aina hii aanze na breki kabla ya rangi, kabla ya injini, kabla hata ya kulitafutia matairi mapya. Na kazi ya kwanza katika breki, ambayo mtu anaweza kuifanya uani kwake akiwa na spana, chupa na mtu mmoja wa kumsaidia, ni kutoa upepo.

Sababu ya kazi hii ni ya kale kuliko magari. Blaise Pascal, Mfaransa ambaye maandiko yake kuhusu vimiminika yalichapishwa 1663, mwaka mmoja baada ya kifo chake, alieleza kwamba kimiminika kilichofungiwa ukikisukuma mahali pamoja, msukumo huo husambaa pande zote kwa nguvu ileile. Magari ya mwanzo hayakutumia maarifa hayo. Yalisimamishwa kwa vyuma na waya, na waya mmoja ukilegea kuliko mwenzake gari lilivutwa upande. Kampuni ya Duesenberg ya Marekani ilianza kuuza gari lenye breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne mwaka 1921, na tangu hapo tatizo la waya likawa limepata dawa: mafuta hayajui gurudumu la kulia wala la kushoto, yanasukuma kote sawasawa.

Ila dawa hiyo ina sharti. Mafuta hayakubali kubanwa, hewa inakubali. Punje ya hewa ikijificha ndani ya silinda, mguu unaposukuma, nguvu inaishia kuikamua hewa hiyo badala ya kusukuma viatu vya breki dhidi ya drami. Hewa ikiwa nyingi, pedeli inafika sakafuni na gari halijapunguza mwendo hata kidogo. Dereva amefanya kila kinachompasa, kakanyaga kwa wakati na kwa nguvu, na gurudumu halikupata habari.

Kuna lugha ambayo pedeli huitumia, na mtu mwenye gari la zamani hana budi kuijifunza, kwa kuwa hakuna kipimo kingine atakachopewa. Pedeli inayozama mbali kisha ikakutana na ugumu, na ukiikanyaga mara ya pili upesi ikapanda juu, kwa kawaida haina hewa. Viatu vya breki vimelika, viko mbali na drami, na silinda zinatumia safari yote ya kwanza kuvisogeza tu. Pedeli inayojibu mapema lakini kwa ulaini, inayobonyea zaidi kila unapoongeza nguvu, hiyo ina hewa, ama hozi zimechoka na zinatanuka. Iko ya tatu, nami ndiyo ninayoiogopa kuliko zote: inasimama imara, unaishikilia, kisha pole pole inashuka chini ya mguu wako bila wewe kuongeza chochote. Hapo mafuta yanapita mahali. Kama hakuna unyevu kwenye magurudumu wala chini ya mabomba, raba za ndani ya masta silinda zimekwisha. Utatoa upepo mpaka jua lizame na hutaponya kitu.

Nimeona watu wakitoa upepo kwenye gari lisilo na upepo. Wanamaliza kopo zima la mafuta, pedeli bado iko chini, wanailaumu masta silinda, wananunua mpya, na pedeli inabaki palepale. Kumbe walipaswa kuzungusha boliti zilizo nyuma ya bamba la breki, zile zinazosogeza viatu, mpaka gurudumu likwame, kisha kuzirudisha nyuma kidogo hadi lizunguke huru. Kwenye 109 kila gurudumu la mbele lina boliti mbili za namna hiyo. Kazi hiyo ifanyike kwanza, magurudumu yote manne, ndipo mtu aulize habari ya hewa.

Maandalizi yana uzito wake. Gari liwe mahali tambarare, na huku kwetu milimani tambarare yenyewe hutafutwa. Magurudumu yanayobaki chini yazuiwe kwa mawe au magogo, na gari lililoinuliwa lilale juu ya stendi, kamwe lisitegemee jeki peke yake kukiwa na mtu chini. Spana ziwe za inchi. Za milimita zinakaribia kuingia, na huko kukaribia ndiko kunakoharibu kichwa cha nipeli, kile kiboliti kidogo chenye tundu katikati ambacho mafuta hutokea. Nipeli iliyokaa miaka bila kuguswa isilazimishwe. Isafishwe kwa brashi ya waya, inyunyiziwe mafuta ya kulegeza kutu, iachwe hadi kesho yake, igongwegongwe kwa upole, ndipo ijaribiwe kwa spana ya kuzunguka kichwa chote. Ikikatikia ndani, kazi ya asubuhi moja imegeuka ya wiki nzima, na silinda mpya huku juu haipatikani dukani, huagizwa Arusha au Dar es Salaam.

Kisha mrija wa plastiki unaoona ndani, ncha moja kwenye nipeli, ncha ya pili imezama katika mafuta kidogo ndani ya chupa. Mafuta mapya yawe ya kopo lililofunguliwa siku hiyohiyo. Na jambo moja ambalo mafundi wazuri hawalisahau: kipande cha ubao chini ya pedeli, ili isifike mwisho kabisa. Katika masta silinda ya miaka mingi, raba zimezoea kutembea sehemu fulani tu, na mbele ya hapo pana kutu na uchafu. Pedeli ikisukumwa hadi sakafuni, raba zinapita juu ya ukwaru huo na kuchanika. Mtu anaanza kazi na masta silinda nzima, anaimaliza na mbovu.

Gurudumu la kwanza ni lile lililo mbali zaidi na masta silinda. Vitabu vingi vya mafundi viliandikiwa nchi ambazo usukani uko kushoto, na humo utasoma kwamba uanze nyuma kulia. Kwetu usukani uko kulia, masta silinda iko kulia, kwa hiyo linaloanza ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na la mwisho ni lile lililo karibu na miguu ya dereva.

Sasa wanahitajika watu wawili. Zipo pampu za kuvuta mafuta peke yako, na nipeli zenye vali ndani zisizorudisha hewa. Sizibezi, zinafaa kwa anayeishi peke yake. Lakini njia ya wawili naipenda kwa sababu inawalazimisha watu wasioonana kusemezana kwa usahihi. Mpwa wangu anakaa kwenye usukani, mimi nalala nyuma ya gurudumu, na kati yetu kuna bati, tangi na chasisi nzima.

“Kanyaga taratibu.”

“Nimekanyaga, mjomba.”

“Shikilia hapohapo, usiachie.”

Nafungua nipeli robo mzunguko. Mafuta yanaruka ndani ya mrija, pamoja nayo mapovu.

“Mjomba, inashuka! Inakwenda chini!”

“Acha ishuke. Mguu wako uifuate mpaka kwenye ubao, na ubaki huko.”

Nafunga nipeli. Hapo tu ndipo nasema, “Haya, achia.”

Mpangilio huo wa maneno ndio kazi yenyewe. Mtu wa juu akiachia pedeli kabla nipeli haijafungwa, masta silinda inavuta, na kinachovutwa ni hewa kupitia uzi wa nipeli. Yote yaliyokwisha kutoka yamerudi. Kwa hiyo mtu wa juu haachii kwa kuhisi kwamba pengine mwenzake amemaliza. Anangoja aambiwe. Na mtu wa chini hasemi “achia” kwa haraka ya kutaka kumaliza. Anasema baada ya mkono wake kuhisi nipeli imekaa. Mara ya kwanza mpwa wangu alipohisi pedeli ikizama chini ya mguu wake alishtuka, na hofu yake niliiheshimu. Ndivyo breki inavyokufa, na ni vizuri kijana akutane na hali hiyo gari likiwa juu ya stendi, mjomba wake akimwambia asiogope, kuliko akutane nayo kwenye kona za Soni, njiani kuteremka Mombo.

Baada ya mikanyago michache mtu wa chini anatoka na kutazama kopo la mafuta lililo mbele, lile linaloilisha masta silinda. Likikauka, masta silinda itameza hewa na mtaanza upya kutoka gurudumu la kwanza. Anajaza, anafunika, anarudi chini. Hakuna njia ya mkato hapo.

Magurudumu ya mbele ya 109 yana ukaidi wake. Kila moja lina silinda mbili, moja juu na moja chini, zimeunganishwa kwa bomba fupi, na nipeli ni moja. Hewa hupanda. Ikipata kona iliyo juu ya njia ya mafuta hukaa humo, mafuta yakapita chini yake na kutoka safi kabisa kwenye mrija, ukadhani umemaliza. Wanaoyajua magari haya hukaza zile boliti za viatu hadi mwisho kabla ya kutoa upepo mbele. Viatu vikibana drami, pistoni hazina pa kusogea, na nafasi ambayo hewa ingejificha haiongezeki. Wengine huongeza kugonga silinda kwa mpini wa nyundo ili mapovu yaliyonata yabanduke. Upepo ukiisha, boliti zinarudishwa mahali pake. Ujanja huu ulifikishwa kwetu na mikono ya watu waliolala chini ya magari yaleyale, na kila mmoja wao aliupata kwa aliyekuwa ameshika spana kabla yake.

Mafuta yanayotoka kwanza kwenye gari lililokaa huwa na rangi ya chai ya rangi. Mapya ni meupe au ya manjano hafifu. Weusi ule ni raba iliyomeng’enyuka, kutu, na muda. Kibaya zaidi hakionekani kwa macho: maji. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewani, kupitia kifuniko cha kopo na kupitia ngozi ya hozi, hata gari likiwa limelala bandani. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kwa kiwango kinachotumika kupimia, kiasi cha asilimia 3.7, kima chake kinashuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa ibanwavyo. Breki inaweza kuwa haina punje ya upepo asubuhi, ikajaa upepo mchana, bila tone kumwagika.

Hapa kwetu jambo hili lina jina la barabara. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 30 na kitu, na katika umbali huo barabara inashuka karibu mita 1,000. Chukua 109 yenye mzigo, uzito wake wote tani 2. Kushuka huko kunatoa nishati ambayo, kama ingegeuzwa yote kuwa joto, ingechemsha maji baridi ya karibu ndoo 3 za lita 20. Sehemu inamezwa na upepo wa njiani na matairi, sehemu inamezwa na injini ikiwa dereva ameweka gia nzito. Inayobaki inaingia kwenye drami nne. Dereva asiyejua anaweka gia nyepesi na kuegemea pedeli njia nzima. Drami zinapata moto, zinatanuka na kujitenga na viatu, pedeli inarefuka, anakanyaga zaidi, joto linapita kwenye silinda, na mafuta ya miaka kumi yenye maji ndani yake yanaanza kuchemka mahali fulani chini ya Soni. Wazee wa barabara ile walikuwa na kanuni, kwamba utelemke kwa gia uliyopandia, na sijaona kanuni ya kiufundi iliyo bora kuliko hiyo. Lakini gia haiondoi haja ya mafuta mapya. Kila baada ya miaka 2 hivi yabadilishwe yote, hata kama pedeli haijalalamika.

Kando ya barabara hiyohiyo unaota mbarika, mmea ambao watu hupita bila kuutazama. Mafuta ya mbarika, tunayoyaita ya nyonyo, yakichanganywa na alkoholi, ndiyo yaliyokuwa mafuta ya breki katika miongo ya mwanzo ya breki hizi. Yalichaguliwa kwa sababu hayadhuru raba asilia, ilhali mafuta yatokanayo na petroliamu huivimbisha na kuilainisha. Tahadhari hiyo ingali hai. Raba za breki za magari haya haziwezi kuvumilia mafuta ya injini. Mtu anayekwama njiani akamimina oili kwenye kopo la breki ili afike nyumbani, atafika, kisha ndani ya muda mfupi kila raba katika mfumo mzima itakuwa imevimba, breki zitaanza kujishika zenyewe, na hakuna kutoa upepo kutakakoponya. Ni kufungua kila silinda na kubadilisha kila kitu. Inanihuzunisha kila ninapolikuta gari la namna hiyo, maana aliyefanya hivyo alikuwa akijaribu kuliokoa.

Oktoba 2024 Arusha ilikuwa na tamasha la Land Rover, na zilikuja kutoka pande nyingi, za zamani na mpya. Nilifurahi kama kila mtu, maana gari hili limelima historia ya nchi yetu na linastahili sherehe. Lakini kinachosifiwa kwenye sherehe ni kile kinachoonekana: rangi ya kijani iliyorudishwa, bampa lililonyooshwa, taa za asili. Mafuta mapya ndani ya bomba hayapigwi picha. Hakuna anayeinama kutazama nipeli iliyosafishwa. Natamani siku moja kwenye mkusanyiko kama ule pawe na kona ya breki, ambapo vijana watakanyaga pedeli iliyo nzima na pedeli yenye hewa, wazijue kwa miguu yao. Kitabu hakiwezi kumpa mtu hisia hiyo.

Wapo watakaosema kazi hii asiifanye mtu nyumbani, iachiwe fundi. Nakubaliana nao kwa yule asiye na stendi, au asiyeweza kutofautisha zile pedeli tatu nilizozieleza. Barabara si yake peke yake. Kuna watoto wanaotoka shule kwa makundi, kuna bodaboda, kuna mama mwenye tenga la mapichi pembezoni mwa lami, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kama anaiamini breki ya gari langu. Lakini fundi wa leo naye amekulia kwenye magari ya njia mbili, na wengi ni hodari huko. Mkabidhi 109 na huenda atatoa upepo vizuri bila kugusa boliti za viatu. Mwenye gari inabidi ajue, ama afanye mwenyewe ama asimame kando na kuuliza.

Kumaliza kwenyewe ni kwa hatua. Nipeli zote zinapanguswa na kukaguliwa, kofia zake za raba zinarudishwa. Mafuta yaliyomwagika juu ya rangi yanaoshwa kwa maji mara moja, kwa kuwa yanaibandua. Yale ya zamani hayarudi kwenye kopo, hata yakionekana masafi. Kisha mtu anakanyaga pedeli kwa nguvu zake zote, injini ikiwa imezimwa, na kushikilia dakika nzima huku mwingine akizunguka na tochi kutazama kila kiungo. Baadaye mwendo wa kutembea uani, kisha njia ya kijiji, na asubuhi ya pili, kabla ya kuwasha, mkanyago wa kwanza ndio unaosema kweli, kwa sababu usiku hewa iliyobaki hupata muda wa kukusanyika juu.

Pedeli yetu ilisimama juu na ngumu. Hozi za mbele, hata hivyo, zina nyufa za mwanzo kwenye ngozi, na masika hayako mbali, kwa hiyo zitabadilishwa, na kila hozi ikifunguliwa upepo utaingia na kazi itarudiwa. Nimemwambia mpwa wangu kwamba safari hiyo mimi ndiye nitakayekaa kwenye usukani. Ameshaanza kuulizia bei ya spana za inchi Korogwe, na nimemshauri anunue ya kuzunguka kichwa chote, hata kama ni ghali zaidi.